Ng'washi Luhende, Malkia wa Wageni (1921–1999)

Ndugu waombolezaji, mama tunayemzika hapa Buhongwa leo, Jumamosi tarehe 13 Novemba 1999, ni Ng'washi binti Luhende. Wengi wenu mnamjua kwa jina la Malkia. Familia imeona isilifiche jina hilo, kwa sababu mkilikosa katika wasifu mtaanza kuulizana tukiwa bado makaburini. Aliyeandika ni mkwe wake, Mihayo, mume wa binti yake Sabina. Anayesoma ni Sabina mwenyewe. Mkwe hakuwahi kusimama karibu na mama mkwe wake kwa miaka kumi na minane, wala kumtazama usoni, na haoni vyema kuanza leo.

Marehemu alizaliwa Fela, Misungwi, mwaka 1921. Tarehe 14 Machi iliyoko kwenye cheti chake cha ubatizo ilichaguliwa na katekista, ambaye alimuuliza alizaliwa lini, akajibiwa kwamba ilikuwa wakati wa kupalilia. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya tisa wa Mzee Luhende, mfugaji na mcheza ngoma. Mzee huyo hakuwa na sauti wala kiuno, lakini baada ya mavuno, vikundi viwili viliposhindana uwanjani, watu walikihama kikundi cha pili na kuja kumtazama yeye akijifanya ndama aliyemkosa mama yake. Ng'washi alikuwa akibeba ngozi yake ya kuchezea. Alisema alijifunza utotoni kwamba watu wakishakucheka hawakuogopi tena, na kwamba jambo hilo baba yake alilisikitikia, maana hata wanawe hawakumwogopa.

Shule hakwenda. Ng'ombe walikuwa wengi na wasichana walikuwa wachache. Alianza kisomo cha watu wazima mwaka 1974, akiwa na miaka hamsini na mitatu, akahitimu mwaka 1976. Cheti chake kilitundikwa ukutani juu ya picha ya harusi ya mwanawe, na mwanawe huyo alipolalamika aliambiwa kuwa kuoa kila mtu anaoa.

Aliolewa mwaka 1939 na marehemu Masalu Ndalahwa, kwa mahari ya ng'ombe kumi na wawili, mmoja wao akiwa mgonjwa, jambo ambalo Mzee Masalu alikumbushwa mpaka anafariki mwaka 1983. Walijaliwa watoto saba, wanne wakakua. Walihamia Buhongwa mwaka 1974 wakati wa vijiji vya ujamaa, wakalima pamba. Alibatizwa mwaka 1958 kwa jina la Leya. Hakuna aliyelitumia isipokuwa mchungaji, na hata yeye alikuwa akisahau.

Pamba ilipokosa bei na ushirika ulipoyumba, marehemu hakukaa kulilia pamba. Mwaka 1992 alianza biashara ya mapanki Mkuyuni. Kwa wageni waliotoka mbali leo, panki ni kile kinachobaki sangara akishatolewa minofu kiwandani: kichwa, mgongo na mkia. Minofu inapanda ndege, panki linabaki na sisi. Marehemu aliyakaanga kwenye pipa lililokatwa nusu, asubuhi mpaka jioni, siku sita kwa wiki, kwa miaka sita. Nyumbani alipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, kwa kuwa kuni zilikuwa zimekwisha milimani. Moshi ni moshi. Kufikia mwaka 1996 macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka kulia, na hayakurudi kuwa meupe tena.

Kila mtu hapa anajua maana ya hilo kwa mwanamke mzee wa huku kwetu. Mwaka 1995 rafiki yake wa ujanani, mama Teodora, aliuawa katika kijiji ambacho hatutakitaja, kwa kosa la kuwa na macho ya namna hiyo na mahindi mazuri kuliko ya jirani. Marehemu alikwenda kwenye msiba, akakuta watu sita. Alirudi akakaanga mapanki.

Januari 1997 mtoto wa jirani yake, ndugu Shimba, alifariki kwa homa, akiwa na miaka minne. Februari akafa dume lake la kulimia. Shimba akaenda kwa mganga, na mganga akamwambia kuwa mwenye kazi hiyo yuko upande wa machweo na macho yake yanawaka. Upande wa machweo wa nyumba ya Shimba kulikuwa na nyumba moja tu. Maneno yakaanza kisimani. Lisemwalo lipo, watu wakasema, na waliokuwa wakimsalimia marehemu shikamoo kwa sauti wakaanza kumsalimia wakitazama chini. Tarehe 9 Machi akakuta karatasi chini ya mlango: "Bibi hama kabla ya mavuno. Macho yako tunayajua." Alikuwa amehitimu kisomo, kwa hiyo aliisoma mwenyewe. Kisha akafungia ugoro wake, kwa sababu ilikuwa karatasi ngumu.

Watoto walikutana. Chenge, kifungua mimba, alitaka mama ahamie kwake Misungwi. Sabina alitaka aje kwao Mirongo, mjini. Marehemu alisema kwamba mama mkwe haishi katika nyumba ya mkwe wake, labda wote wawili wawe vipofu. Na kuhusu Misungwi alimjibu mwanawe hivi: "Nikihama nimekiri." Kikao kikaishia hapo, wakala, wakaondoka na hofu yao. Sabina hakulala vizuri kuanzia siku hiyo, na mumewe anakumbuka kwamba kila mtu akigonga mlango asubuhi alishika kifua kwanza.

Sasa inabidi kumweleza huyo mkwe, ingawa msiba si wake. Mihayo alikuwa karani wa ushirika mpaka alipopunguzwa kazi mwaka 1993. Kwa alichopata alinunua kamera ya video iliyotumika, akawa anapiga harusi na kipaimara, na siku nyingine akitafsiri filamu za kigeni kwa mdomo katika banda la video la ndugu Bashiru, Mirongo. Utotoni aliwahi kuona sinema za zamani zilizoletwa na gari la serikali, zile za viumbe kutoka nyota nyingine, ambamo kisahani kinashuka kikiyumba, mtaalamu mwenye miwani anapiga kelele kwamba dunia imekwisha, na jeshi zima linapiga risasi wakati mgeni mwenyewe anatembea taratibu kama mtu aliyevimba miguu. Watoto wenzake waliogopa. Yeye alicheka mpaka akachapwa. Tangu hapo alitaka kutengeneza ya kwake, ya kuwacheka hao.

Mwaka 1997 akaanza. Aliiita Wageni wa Magugu. Wakati ule magugu maji yalikuwa yamefunika ziwa mpaka mitumbwi inakwama, na hakuna aliyeweza kueleza vizuri yametoka wapi. Mihayo akasema ametoa jibu: yamepandwa na viumbe wa angani, ambao wamejificha ndani yake wakisubiri kuitawala dunia kwa kuanzia Buhongwa. Chombo chao kilikuwa masufuria mawili ya harusi yaliyofunikizwa na kuning'inizwa kwa mshipi wa kuvulia, na mshipi unaonekana. Wageni sita walivaa maovaroli meupe na buti za mpira, vitu chakavu vilivyotupwa na viwanda vya minofu. Bashiru alikuwa mtaalamu wa nyota, kwa miwani isiyo na vioo. Na kichwani kila mgeni alifungiwa panki zima, mdomo wazi, kwa kipande cha tyubu ya baiskeli.

Mapanki hayo yalikaa juani kuanzia asubuhi. Msichana aliyechaguliwa kuwa malkia wao alivumilia siku moja, akatapika, akaondoka na rangi ya kucha aliyonunuliwa. Sabina alimsimulia mama yake habari hiyo kama kichekesho, ili walau acheke. Marehemu hakucheka. Alinusa ugoro, akafikiri, akasema: "Mwambie mkwe malkia amepatikana. Harufu hiyo mimi naijua, na macho ninayo tayari."

Mihayo alikataa siku tatu. Hakuna adabu inayoruhusu mtu kumvika mama mkwe wake kichwa cha samaki. Aliyetatua tatizo ni marehemu, aliyetuma ujumbe kwamba anayetazama ni kamera, siyo mkwe, na kwamba mkwe akae nyuma ya mashine yake na maelezo yote yapitie kwa Sabina. Ndivyo walivyofanya kazi Agosti nzima. Mihayo anasema polepole, "Mwambie mama anyanyue mikono kama anataka kula watu." Sabina, hatua tano mbele, anarudia kwa sauti. Marehemu ananyanyua mikono. Kisha marehemu anamwambia Sabina amwambie mkwe kwamba mtu anayetaka kula watu hanyanyui mikono, ananawa. Katika kanda ananawa.

Katika mswada, malkia akitoka kwenye chombo alitakiwa kunguruma. Marehemu alitoka, akasimama mbele ya nyumba ya kwanza, akasema, "Hodi." Mihayo akaomba irudiwe. Akarudia, "Hodi wenyewe." Akaeleza kupitia kwa binti yake kwamba hata mvamizi, kama amelelewa, haingii nyumba ya watu hivi hivi. Sehemu hiyo ndiyo inayopendwa kuliko zote.

Mwisho wa mswada wanakijiji walimfungia malkia kibandani wakakitia moto. Hapo ndipo marehemu alipogoma kwelikweli. Alivua buti, akakaa juu ya jiwe, akasema: "Mimi kuchomwa sitachomwa, hata kwa kuigiza. Andikeni kingine." Mihayo anakiri kwamba yeye, aliyejua habari za karatasi ile, aliandika moto ule kwa sababu tu sinema za zamani huisha kwa moto. Hakufikiri, na ana aibu mpaka leo. Akaandika kingine: wanakijiji wanakuja na mapanga, malkia anakimbilia kwenye magugu na kuzama. Marehemu akakubali kwa sharti moja, kwamba atakayetangulia na panga awe Shimba.

Sabina alilia. Chenge alitaka kuja kuvunja kamera. Marehemu hakutoa hotuba yoyote. Alisema kwamba Shimba anamwona kila siku kwa mbali na kwa wizi, na kwamba afadhali amwone mara moja kwa karibu, mchana, mbele ya watu. Shimba alipoombwa alikubali upesi, akasema hakuna anayekataa kuonekana kwenye televisheni.

Ilikuwa Jumapili tarehe 24 Agosti 1997, saa nane mchana, baada ya ibada. Kijiji kizima kilikuja kuigiza kijiji kizima. Mihayo alikuwa amechonga mapanga ishirini ya mbao na kuyapaka rangi ya fedha. Kinachofuata kinasomwa kwa ridhaa ya ndugu Shimba, ambaye yupo hapa, na ndiye aliyetaka kiandikwe. Ukiitazama kanda kwa makini, mapanga kumi na tisa hayang'ai. La mbele linang'aa.

Watu walikuja wakipiga kelele na kucheka. Shimba hakuwa akicheka. Marehemu alitakiwa kukimbia, hakukimbia. Shimba alipofika karibu, marehemu alifungua tyubu, akavua panki, akalishika mkononi. Maji ya samaki yalikuwa yakimtiririka usoni mpaka kidevuni. Watu wakanyamaza mmoja mmoja, maana waliona kuwa hili silo walilofundishwa. Kwenye kanda inasikika sauti ya mkwe, ya chini, ikisema, "Mwambie mama avae kichwa." Sabina hakuirudia.

"Shimba, mwanangu," marehemu alisema, "ni mimi Ng'washi. Macho haya ni moshi wa mapanki. Mtoto wako nilimpenda, nilikuwa nampa mikia aitafune. Nitazame vizuri, halafu kama ni kukata, kata."

Shimba alisimama. Mihayo anasema zilikuwa sekunde kumi na moja, amezihesabu kwenye kanda mara nyingi kuliko inavyofaa. Katika ukimya ule paka mmoja kati ya wale waliokuwa wakiwafuata wageni tangu asubuhi akaruka, akang'ata mkia wa panki, akaanza kuvuta. Marehemu hakuliachia. Akamvuta paka, paka akamvuta yeye, na bila kuondoa macho kwa Shimba akamwambia paka, "Wewe ngoja, bado tuko kazini."

Shimba alicheka. Kicheko kilimtoka bila ridhaa yake, kama kikohozi. Akacheka tena, panga likamponyoka, akakaa chini kwenye vumbi, na kicheko kikageuka kilio. Alikuwa hajalia tangu Januari. Wanaume walimwambia mtoto ni kazi ya Mungu, na mganga akampa mtu wa kumchukia, ila hakuna aliyemwambia alie. Marehemu alimwachia paka panki lake, akakaa chini karibu naye, akiwa na ovaroli lake na buti zake, akampigapiga mgongoni kwa mkono unaonuka. Mihayo hakuzima kamera. Baadaye marehemu aliulizwa kama aliona kwamba lile panga halikuwa la mbao. Alijibu kwamba amekata migongo ya samaki kwa miaka mitano, chuma anakijua.

Filamu ikaonyeshwa Jumamosi tarehe 27 Septemba katika ghala la pamba la Buhongwa, ambalo kwa misimu miwili halikuwa na pamba, madirisha yakiwa yamezibwa kwa magunia. Watu walicheka tangu masufuria yalipotokea. Malkia aliposema hodi, ghala zima likajibu karibu. Mwisho ulipofika walicheka kwa sababu ya paka, kisha wanawake wengine wakafuta macho kwa khanga. Shimba alikaa mbele, akatazama mpaka mwisho. Alipotoka nje alimkuta marehemu ameketi juu ya gunia, akamwinamia, akasema, "Shikamoo mama." Marehemu akaitika, "Marahaba, mwanangu," kisha akamuuliza kama amewahi kumwona malkia mwenye sura mbaya vile. Shimba akajibu kwamba hajaona malkia mwingine.

Kanda hiyo ilinakiliwa mpaka ikafifia. Bashiru anaionyesha kila Krismasi na kila Idi, na watazamaji wake hawaji kutazama tena, wanakuja kuitikia. Wanajua kila neno. Wengine huja na vichwa vya sangara kichwani, na Bashiru amelazimika kuandika mlangoni kwamba paka hawaruhusiwi. Sauti ya mkwe ikisema "Mwambie mama avae kichwa," banda zima linaisema pamoja naye, na mkwe mwenyewe hutoka nje wakati huo. Hapa Buhongwa watoto walianza kupiga hodi kwa marehemu na kukimbia, na marehemu aliwafukuza kwa mwendo wa wageni wa angani, akiburuta miguu. Mama zao waliona. Ni vigumu kumwogopa mtu ambaye mwanao anamwiga.

Familia haidai kwamba kanda ile ilimwokoa. Huenda watu walichoka tu, au mvua za mwaka ule, zilizobomoa nyumba na kukata barabara, ziliwapa jambo jingine la kufikiri. Tunachojua ni kwamba karatasi nyingine haikuja. Mganga alihama mwaka 1998, na inasemekana alikoelekea wana mabanda ya video.

Mwaka huo huo marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Aliambiwa ni moyo. Aliacha mapanki, hakuacha ugoro. Oktoba mwaka huu alilazwa hospitalini mjini siku tisa, kisha akaomba arudishwe nyumbani, akisema hospitali ni mahali pazuri lakini hapana mtu wa kumtania. Mkwe alikuja kila Jumapili, akakaa nje ya dirisha, akamsalimia kupitia kwa Sabina. Jumapili iliyopita marehemu alimtuma Sabina amwambie kwamba amekuwa mkwe mzuri, ingawa hajui kuandika mwisho. Mkwe alisikia yote, dirisha lilikuwa wazi. Alisubiri hata hivyo mpaka aambiwe, kisha akajibu kwamba anashukuru.

Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 11 Novemba, saa tatu asubuhi, akiwa kitandani kwake. Mke wa Shimba alikuwa amemletea uji. Alikunywa nusu, akasema sukari haitoshi, akaegemea ukuta. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minane.

Ameacha watoto wanne, Chenge, Luhende, Sabina na Shigela, wakwe wanne, wajukuu kumi na tisa, Precious akiwa mkubwa wa wale wa Mirongo, na vitukuu sita. Waliochimba kaburi ni vijana wa Buhongwa wakiongozwa na ndugu Shimba, ambaye alikataa kupokezana jembe. Familia inawashukuru wote, hasa mliokuja kutoka mbali, na inawaomba mliobeba vichwa vya samaki kwa nia njema mviache nje ya eneo la makaburi.

Limebaki neno moja. Hati ya daktari ina nafasi ya chanzo cha kifo, na katika misiba huwa haisomwi. Sisi tumeomba isomwe, na isomwe mara mbili, kwa ajili ya akina mama wa umri wake na wa macho yake ambao hati zao hazikuandikwa hivi, na wale ambao hawakuandikiwa kabisa. Mama yetu Ng'washi Luhende amekufa kwa ugonjwa wa moyo. Amekufa kwa ugonjwa wa moyo. Mungu ampumzishe kwa amani.